Kona Nne za Kanga

Meza yake ni mlango. Ni mlango wa mninga uliong'olewa kwenye nyumba ya zamani, ukalazwa juu ya miguu minne ya mbao. Tundu la kitasa bado lipo, na humo ndimo anamosimamisha penseli zake tatu, ncha juu. Upande wa kushoto kuna kompyuta. Upande wa kulia kuna rula ya chuma ya mita moja, bikari, bunda la karatasi za mraba, wembe, kifutio kilicholika hadi kubaki kama punje ya korosho, na bati la biskuti ambalo halijaona biskuti kwa miaka mingi. Chumba kiko uani, Ilala, na dirisha limetazama mwembe wa jirani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo. Usiegemee meza."

Mimi pia ni mchoraji wa kujitegemea. Natengeneza nembo, mabango na kadi za harusi, na nyingi nazianza jioni nikazituma kabla ya adhana ya alfajiri. Yeye huchora kanga, na kanga moja humchukua wiki tatu. Nilitaka kujua wiki hizo tatu zinakwenda wapi, nikaomba ruhusa ya kukaa na kutazama.

Alianzia katika chumba cha wachoraji cha kiwanda cha nguo, enzi za brashi na rangi za kukoroga. Kiwanda kilipopunguza watu alitoka na rula yake na mazoea yake. Tangu siku hiyo hana mshahara wala likizo. Ana wateja wanne au watano wenye maduka ya jumla Mtaa wa Uhuru, simu yenye ufa kwenye kioo, na daftari la shule ambamo kila agizo lina ukurasa wake. Juu ya ukurasa huandika kianzio kilicholipwa. Kama hakuna kianzio, ukurasa hubaki mweupe.

Agizo nililolishuhudia liliingia kwa ujumbe wa sauti. Mteja alitaka doti mpya ya kuwahi Idi. Rangi ziwe tatu, nyekundu iwemo. Jina liwe: Jirani mwema ni akiba isiyokwisha. Mwisho akaongeza, "Nifanyie haraka basi, mama yangu." Aliusikiliza ujumbe mara tatu, akaweka simu chini, na hakugusa penseli.

"Wewe ungempa nani kanga hii?" akaniuliza.

Nikasema ningempa mama mwenye nyumba wangu.

"Ana umri gani?"

"Sitini na ushei."

"Basi herufi ziwe kubwa."

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Kila msomaji anajua kanga ina pindo, mji na jina. Nilidhani mchoraji huanza na picha ya mjini, kisha akaizungushia pindo, na jina likawekwa mahali palipobaki. Yeye huanza na jina, kwa sababu picha inaweza kupunguzwa na pindo linaweza kubanwa, lakini neno likibanwa halisomeki, na kanga isiyosomeka huuzwa kwa bei ya hasara.

Akavuta karatasi ya mraba akahesabu kwa ncha ya penseli. Maneno ya mteja yalikuwa na herufi 29 na nafasi 4 kati ya maneno. Jina alilitengea sentimita 90 za upana. Ukigawa, kila herufi inapata chini ya sentimita 3. Akatikisa kichwa. Akalifuta neno la mwisho, akahesabu upya: herufi 18, nafasi 3. Sasa kila herufi inapata zaidi ya sentimita 4.

"Isiyokwisha inaondoka," alisema. "Akiba inayokwisha nayo ni akiba?"

Akampigia mteja. Hakubishana naye. Alimsomea jina refu, akanyamaza kidogo, akamsomea jina fupi. Akarudia. Upande wa pili wa simu nilisikia mtu akicheka, kisha akisema sawa. Ukurasani akaandika kwa herufi kubwa: JIRANI MWEMA NI AKIBA.

Nilifikiri limekwisha. Ningekuwa mimi ningechagua mwandiko kwenye kompyuta, nikabonyeza, nikaendelea na mengine. Yeye alizichora herufi zote 18 kwa mkono, kwa rula, unene mmoja, bila mapambo. Kisha akazikata moja moja kwa wembe na kuzipanga juu ya mlango kama mtu anayepanga karata. Alianza kwa kuacha nafasi sawa kati yake, sentimita moja kila mahali. Tukasimama, tukarudi nyuma hadi ukutani, tukatazama. Neno MWEMA lilikuwa limeziba, jeusi kama msongamano wa daladala, maana M na W ni herufi pana na zinafuatana. Neno JIRANI, lenye I mbili nyembamba, lilikuwa na mianya kama meno ya mtoto.

"Rula inasema ni sawa," nikamwambia.

"Rula haisomi."

Akaisogeza W kwa upana wa punje ya mchele. Akairudisha kidogo. Akazibana herufi za JIRANI, akazipa hewa za MWEMA, akarudi ukutani. Alifanya hivyo kwa saa mbili na nusu, kwenda na kurudi, hatua nne kila safari. Alipomaliza, hakuna nafasi mbili zilizolingana kwa rula, na maneno yote manne yalionekana yamekaa kwa utulivu kama watu wa familia moja kwenye benchi. Akazipaka gundi. Kisha akalisoma jina kwa kurudi nyuma, herufi moja moja, kutoka A ya mwisho hadi J ya mwanzo, kidole kikigusa kila moja. Ukisoma kwenda mbele, alieleza, jicho linaona linachokitarajia. Ukisoma kwa kurudi nyuma linaona kilichopo.

Zamani majina ya kanga yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, ndipo baadaye zikaja hizi za Kirumi. Mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, ndiye anayetajwa kuwa miongoni mwa waliolieneza jina kwenye kanga, na nguo zake zilijulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla". Kwa miongo mingi kanga nyingi zilichapwa ng'ambo, zikiwemo zilizotoka Helmond, Uholanzi, na kuletwa pwani kwa meli. Dar es Salaam ikapata Kiwanda cha Urafiki mwaka 1968, kwa msaada wa China. Katika safari yote hiyo nguo ilibeba neno la mvaaji na alama ya mwenye duka. Aliyekaa na wembe akiisogeza W hakutajwa.

Siku ya pili ilikuwa ya hesabu. Inasimuliwa kwamba kanga ilianzia kwenye leso za Kireno, wanawake wa pwani wakaunganisha sita, safu mbili za tatu tatu, wakapata nguo moja. Kama ni hivyo, basi kanga ilizaliwa kwa kugawanya na kuunganisha, na mchoraji wake hawezi kukwepa hesabu. Yeye huchora kanga ya sentimita 150 kwa 110. Akaliwekea pindo upana wa sentimita 15 kila upande. Ndani ukabaki mji wa 120 kwa 80.

"Sasa tafuta namba inayoingia kwenye 120 na kwenye 80 bila kubakiza," akaniagiza, kama mwalimu wa darasa la nne.

Nikataja 10. Akakubali. Pindo la mteja huyu lingekuwa la korosho, lile umbo lenye mkia uliopinda ambalo kila mtu wa kanga analijua kwa jina hilo. Korosho ya sentimita 10 inaingia mara 12 upande mrefu na mara 8 upande mfupi. Jumla ni 40 kuzunguka nguo nzima. Angeipenda ya sentimita 9, maana ilikuwa na kiuno kizuri zaidi, lakini 9 haiingii sawasawa kwenye 120 wala kwenye 80, na mwisho wa safu ungebaki na kipande cha korosho kilichokatwa shingo. Akaiacha ile nzuri, akaichora upya ile inayotosha. Alichora moja tu, kubwa, kwenye karatasi ya kupitishia, akaifuta tumbo mara saba hadi mkunjo wa mkia ukaanza pale tumbo linapoishia, bila kigongo. Ndipo akaipeleka kwenye kompyuta, akaipanga. Sita zikatazama kushoto, sita kulia, zikipeana mgongo katikati ya upande mrefu. Nne kwa nne upande mfupi.

Zilibaki kona.

Kona ya kanga ni mraba wa sentimita 15 kwa 15 ambao watu wengi hawautazami. Safu mbili za pindo hukutana hapo, moja imelala na nyingine imesimama, na haziwezi kupita. Mchoraji mvivu huziacha zigongane, au huweka ua kufunika ajali. Yeye alizipa kona siku tatu. Jaribio la kwanza lilikuwa korosho moja iliyolala mshazari, ikaonekana imeanguka. La pili lilikuwa mbili zilizokumbatiana. Zilipendeza zenyewe, lakini zilivuta jicho kutoka kwenye jina. Siku ya tatu aliichukua mikia ya korosho mbili za mwisho, akairefusha hadi ikakutana, na pale ilipokutana akaweka nukta tatu. Basi. Ukipitisha kidole kando ya pindo, kidole kinageuka kona bila kusita. Nilikipitisha mara nne, kona zote, kwenye kioo cha kompyuta, naye hakunikataza.

Umeme ukakatika wakati huohuo. Mita ya LUKU ilikuwa imelia tangu asubuhi, nasi hatukusikia. Wakati nikihangaika na simu kununua yuniti, yeye alifungua dirisha, akaketi penye mwanga, na kunisimulia habari ya kona.

Miaka fulani iliyopita alipanda daladala akamwona mwanamke amevaa kanga aliyoichora yeye. Rangi zilikuwa ngeni na jina lilikuwa jingine. Hakuwa amewauzia mchoro huo walioichapa. Alijuaje kuwa ni yake? Kwa kona. Walioinakili walitaka kanga ndogo kidogo, kitambaa kisiwagharimu, wakaifinya picha nzima, kisha wakaikata pembeni. Safu ikafika mwisho na nusu ya ua, na kona yake ikabaki na vipande vinne visivyojuana. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mchoraji, lakini kesi nayo inataka nauli na siku za kazi, na mtu anayelipwa kwa mchoro hana siku za kugawa. Alishuka kituo chake.

"Waliiba picha," alisema. "Hesabu hawakuiona."

Umeme ukarudi. Hakuendelea na malalamiko, akaendelea na mji.

Mteja alikuwa amependekeza nyumba mbili zinazotazamana. Yeye alichora kawa. Alieleza kwamba ujirani hauonekani kwenye nyumba, unaonekana kwenye sahani inayovuka uani jioni ya Ramadhani, imefunikwa, na aliyeipeleka hataji kilichomo. Kawa ikitazamwa kwa juu ni duara lenye miviringo ya ukindu, rangi kwa rangi, kutoka kilele hadi ukingo. Akaazima moja kwa jirani, ile ile ya upande wa mwembe, akaiweka sakafuni na kusimama juu yake. Alihesabu mizunguko: 14. Kwenye nguo mizunguko 14 ingekuwa nywele tu, wino ungeingiliana. Akabakiza 6. Aliyatafuta makutano ya ukindu kwa bikari, akayachora kwa mkono, na kila mzunguko akaupa upungufu mdogo mahali pake, kwa kuwa kawa iliyosukwa na mtu haina duara kamili. Kuzunguka kawa aliacha peupe. Nilimuuliza kama hataweka maua madogo, mteja asije akasema ameuziwa kitambaa kitupu. Akasema mji nao unahitaji njia za kupita.

Siku ya tisa alifanya jambo ambalo sijawahi kulifanya katika kazi yangu yoyote. Alitoa kanga kuukuu, akaitandaza sakafuni, akachukua chaki ya fundi cherehani na kupima juu yake kila kitu kwa ukubwa wake halisi: pindo, duara la kawa, mstari wa jina. Kisha akamwita jirani ajifunge. Dada yule akajifunga kama anavyojifunga kila siku, akazunguka uani, akainama kuokota ndoo, akapanda ngazi mbili, akarudi. Sisi tukamtazama mgongoni. Kawa ilikaa vizuri. Jina lilikuwa chini mno. Alipotembea, mkunjo wa nguo uliimeza MWEMA. Akapiga goti, akafuta kwa kiganja, akaandika sentimita 4 juu zaidi. "Tembea tena, mama wee." Dada akatembea. Jina likasomeka lote, toka J hadi A, likiyumba taratibu na hatua zake.

Rangi zilifuata. Kila rangi ina skrini yake kiwandani, na kila skrini ni gharama, ndiyo maana mteja alisema tatu. Lakini nyeupe haihitaji skrini. Ni kitambaa chenyewe kilichoachwa. Kwa hiyo alikuwa na nne: nyekundu, njano, nyeusi, na weupe ambao haulipiwi. Hakuziamini rangi za kompyuta, kwa kuwa kioo kinawaka na nguo haiwaki. Ndipo lilipofunguliwa bati la biskuti. Ndani kulikuwa na vipande vya kanga, kila kimoja ukubwa wa stempu mbili, mamia, vimefungwa mafungu kwa uzi. Akatoa nyekundu sita. Akazipeleka mlangoni, akazitazama kwenye jua la saa nne. Akazirudisha, akasubiri, akazitoa tena jua linapozama, maana Idi watu hutembeleana jioni. Zilibaki mbili, kisha moja.

Halafu akazitenganisha rangi, kila moja kwenye tabaka lake, akafanya kazi ambayo hakuna mnunuzi atakayeiona. Kila mahali njano ilipogusana na nyeusi, aliipanua njano milimita moja iingie chini ya nyeusi. Kitambaa husogea kinapochapwa. Kikisogea kidogo bila akiba hiyo, mstari mweupe hujitokeza kando ya kila umbo, kama jeraha. Akazipitia korosho zote 40 kwa macho, kwa sababu programu huweza kuruka moja. Iliruka moja kweli, ya tano upande wa kulia. Aliikuta saa sita usiku.

Akatuma. Kisha akasubiri, na kusubiri nako ni kazi, kwa maana hakuna fedha ya pili hadi sampuli ikubaliwe. Katika siku nane za kusubiri mteja alipiga mara nne kuuliza nyekundu haiwezi kuongezwa kidogo. Kila mara alijibu kwa sauti ileile ya upole kwamba waione kwanza kwenye nguo.

Sampuli ilifika imekunjwa ndani ya gazeti. Hakuikunjua yote. Alitafuta ncha moja, akaitandaza juu ya mlango, akainama na kioo cha kukuzia. Mikia miwili ilikuwa imekutana, nukta tatu zikiwa safi, hakuna weupe uliochungulia. Akaenda ncha ya pili, ya tatu, ya nne. Ndipo akaikunjua na kulisoma jina, kwa kurudi nyuma.

Fedha iliyobaki iliingia kwa simu siku ya pili yake. Akaiandika daftarini, akapiga mstari chini ya ukurasa, akageuza. Nilimuuliza kama haoni uchungu kwamba doti zitauzwa kwa maelfu na hakuna atakayejua nani alizichora.

"Kanga ina jina tayari," alisema. "Majina mawili yangebanana."

Mimi nilirudi kwenye mabango yangu. Lile la kwanza baada ya hapo lilinichukua siku nne, na mteja alilalamika. Nalikumbuka kwa sababu nilirudi nyuma hadi ukutani kulitazama, hatua nne kila safari.

Nawe, siku utakapokwenda kununua doti, muuzaji atakukunjulia katikati ili usome jina. Lisome, ni haki yako. Kisha mwombe akuonyeshe kona, na upitishe kidole.